Nachora mtaa mpya Lamu, kompyuta yanambia vichochoro vyaungua jua

mwana_wiyoni
Salama wadau. Tuna shamba la familia nyuma ya mji, wazee wataka likatwe viwanja na kuchora nimeangushiwa mimi kwa vile nilisomea ramani kidogo. Natumia QGIS, programu ya kuchora ramani, na plagini (kiongezo) ya UMEP ile ya kupiga hesabu ya kivuli, nyumba nimezitoa OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni. Nikasema nijaribu Mkomani, mtaa wa mji wa kale, kwanza nione kama inasema kweli, lo, yanambia vichochoro jua kutwa! Na mimi nimekulia humo, saa nane wapita kichwa wazi. Nimekosea wapi?

fundi_pima
Urefu wa nyumba umeutoa wapi? Kama ni data ya setilaiti ya mita 30 basi umekwisha, pikseli moja (kidoa kimoja cha picha, mita 30 kila upande) inameza nyumba kadhaa na vichochoro vyake, kompyuta haioni ukuta inaona kama kilima tu. Na OpenStreetMap nyumba nyingi hazijaandikwa urefu. Chukua utepe upime ghorofa moja, halafu zunguka uhesabu ghorofa kwa macho.

mwana_wiyoni
Eeh ni hiyo hiyo ya mita 30 😅

maalim_shela
Mwanangu hii hata kwa kidole wahesabu. Kichochoro cha mita 2, kuta za mita 8, kimelala kaskazini kusini, jua lagusa chini kama saa moja kabla ya kufika utosini na saa moja baada, yaani tano na robo hivi mpaka saba na robo basi. Barabara ya mita 9 na nyumba za mita 3, jua ni lako kutwa. Ila ukikilaza mashariki magharibi, mwezi wa tatu jua lafuata kichochoro asubuhi mpaka jioni, kuta hazikufai kitu, na ndo joto lenyewe hilo. Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa kale, kulala sambamba na pwani, karibu kaskazini kusini, si bure.

bi_langoni
Kivuli sawa, na makuti yakishika moto je, watu na ndoo watapita wapi? Halafu punda wawili wa mchanga wakikutana kwenye mita 2 hakuna wa kurudi nyuma, mimi nishabanwa ukutani na gunia buibui ikachanika. Weka hata njia moja pana.

mwana_wiyoni
Nimepima, nimerudia, kivuli kimerudi. Bi, nimeweka mita 4 katikati, na mkwaju uliopo hatuukati.