Cheni za matairi kwa lori la tani kumi: ya ngazi au ya wavu kwa tope la Liwale?

Dereva wa Nachingwea:

Ndugu madereva na mafundi wa Kusini, nawasalimu. Nina Fuso ya tairi sita inayochukua korosho katika maghala ya vyama vya msingi vijijini Liwale na kuzileta Nachingwea. Oktoba njia huwa kavu, lakini mzigo wa mwisho hukutana na mvua za Desemba, na palipo na udongo mweusi wa mbugani hapapitiki tena. Msimu uliopita nililala bondeni siku mbili nikiwa na magunia 120, tairi za nyuma zimejaa tope hata kashata, yale meno ya tairi, hazionekani.

Katika duka la vipuri vilivyotumika mjini Mtwara nimeona jozi mbili za cheni zilizotengenezwa kwa ajili ya theluji. Ya kwanza imesukwa kama ngazi, vipande vya kukatiza vimeachana, na kibati chake kimeandikwa 10.00-20, sawa na tairi zangu. Ya pili imesukwa kama wavu, ni nene na nzito zaidi, lakini kibati chake kimefutika. Muuzaji ananishauri nichukue hiyo nzito. Naomba ushauri wa aliyewahi kuzitumia: nichague ipi, na je, zinafaa kweli kwa tope?

Mzee wa Mikindani:

Mwanangu, niliendesha malori Marekani miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, na kule Colorado cheni si hiari ya dereva. Kwenye barabara kuu ya I-70 inayopanda milimani magharibi ya Denver, kati ya Morrison na Dotsero, lori kubwa la biashara linatakiwa kuwa na cheni zake kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei, hata siku ambayo jua linawaka.

Kama ungekuwa unakwenda huko, ningekwambia uchukue wavu bila kusita. Tairi lenye wavu halikosi cheni pale linapogusa barafu, kwa hiyo lori haliponyoki kwenda pembeni, wala halitikisiki kama lile la ngazi, ambalo gurudumu lake hupanda na kushuka kila kipande cha kukatiza kinapofika chini. Tope la mfinyanzi ni jambo jingine. Matundu ya wavu hujaa udongo, na baada ya mizunguko michache unabaki na gogo la tope lililofungwa cheni. Ngazi ina nafasi, na tairi likizunguka tope hudondoka lenyewe. Kwa njia yako chukua ngazi, na cheni yenye kibati kilichofutika usiinunue kabisa, maana hata ikiingia hutajua kama imekaa inavyostahili.

Ila kagua pete za vile vipande vya kukatiza, siyo za mnyororo wa pembeni, kwa sababu ndizo zinazolika. Pete iliyolika upande mmoja hadi nusu ya unene wake itakukatikia njiani. Ujue pia udhaifu wa ngazi: huvuta mbele vizuri lakini haishiki pembeni, na barabara yenye mgongo itakushusha mtaroni ukiongeza mwendo. Kwenye theluji hatukuzidi kilomita 50 kwa saa. Wewe kwenye tope nenda polepole kuliko hapo.

Wala usione ajabu kuifunga kwa ajili ya tope. Inasimuliwa kwamba Mmarekani Harry Weed, aliyepata hataza ya cheni hizi mwaka 1904, aliwaona madereva wakizungushia kamba kwenye matairi ili wapite kwenye tope na theluji.

Fundi wa Masasi:

Shikamoo mzee, umemaliza suala la kuchagua. Mimi naomba kuongeza kwamba kabla ya kulipa, ndugu yetu aingie chini ya gari. Kwenye tairi pacha funga la nje, kulia na kushoto, kisha pitisha mkono kati ya mapacha, kwa sababu mnyororo wa upande wa ndani ukikosa nafasi utasaga shavu la tairi la pili. Angalia na madigadi, maana cheni ikizunguka hutanuka. Mteja wangu mmoja alifunga cheni ikiwa imelegea kwenye lori dogo. Kipande kimoja kikakatika, kikawa kinapiga chini ya bodi kila mzunguko hadi kikachana hozi ya breki, na mafuta yote yakamwagika. Kwa bahati alikuwa anapanda kilima, hakuwa anashuka.

Funga, tembea mita mia moja au mia mbili, simama, kaza tena. Usipunguze upepo ili cheni iingie kwa urahisi. Ukifika lami vua, hata kama mvua inanyesha, kwa kuwa lami huila cheni na cheni huiharibu lami.

Mama wa Newala:

Wanangu, sisi wa huku juu shida yetu ni mchanga, na kwenye mchanga cheni huchimba tu. Sisi hupunguza upepo kidogo. Kwa hiyo yule wa Newala au Tandahimba anayesoma hapa asikimbilie kununua. Kwako wewe wa Liwale, nakusihi uzifunge juu kabla ya kuteremka bondeni. Lori langu lilikwama mwaka juzi cheni zikiwa nyuma ya kiti, na vijana walipozitoa difu, lile bonge la katikati ya ekseli ya nyuma, lilikuwa limeshalala kwenye tope. Hapakuwa na pa kuweka jeki.

Dereva wa Nachingwea:

Shikamooni wazee wangu, na asante fundi. Leo nimerudi dukani, nimeitandaza ile ya ngazi sakafuni na kukagua pete moja moja. Vipande vitatu vimelika kama mzee alivyoeleza. Muuzaji amekubali kuvibadilisha kwa vizima kutoka kwenye cheni nyingine ya namba hiyo hiyo. Kati ya mapacha kiganja changu kinapita bila kugusa. Jumamosi mimi na utingo wangu tutaifunga na kuivua uani mpaka mikono izoee, gari likiwa tupu na ardhi ikiwa kavu.