Nchi mpya inakutaka uwe na namba ya simu kabla hujapata namba ya simu!

Wakuu, nimevumilia siku tano, leo imetosha. Na kabla hamjaanza na "ungeuliza kabla ya kusafiri", niliuliza. Nikaambiwa usihofu, uwanja wa ndege kuna waifai ya bure.

Ipo kweli. Unaunganisha, unafunguka ukurasa wa kujisajili, unataka namba ya simu ili utumiwe tarakimu sita kwa meseji. Namba yangu ikakataliwa, maana kwenye kisanduku cha kuchagua nchi ipo nchi moja tu, ya kwao. Sasa mtu aliyeshuka kwenye ndege nusu saa iliyopita namba yao kaitoa wapi? Na mwenye namba yao si ana bando lake, waifai ya nini?

Haya, nikaenda kibanda cha laini. Pasipoti wakakagua, hilo sina ugomvi nalo, nchi nyingi sasa laini husajiliwi bila kitambulisho. Dada wa pale akataka anwani ninayofikia. Anwani iko kwenye barua pepe, barua pepe inataka intaneti, na intaneti ndiyo niliyoifuata pale! Nikamweleza, akaniangalia kama namtania. Abiria mmoja akanirushia intaneti ya simu yake, nikasajiliwa, nikachokonoa kile kitundu cha laini kwa hereni ya mama aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni. Laini ikaingia. Simu ikaandika: laini hii hairuhusiwi.

Kumbe simu yangu, niliyoichukua kwa mkopo wa kampuni ya simu, ilifungwa isisome laini ya mtandao mwingine. Deni nimemaliza zamani! Hakuna aliyenitamkia kwamba ukimaliza kulipa haifunguki yenyewe, mpaka uombe. Nimewaandikia, wakataka IMEI, zile tarakimu 15 za kuitambulisha simu unazozipata kwa kubonyeza *#06#. Nikawatumia. Wakajibu nipige huduma kwa wateja kwa laini yangu, kwa namba fupi. Namba fupi ambayo ukiwa nje ya nchi haitoki!

Siku ile ya kwanza nikasema liwalo na liwe, niwashe romingi, yaani laini ya nyumbani itumie mtandao wa huku, dakika mbili tu niwaambie nyumbani nimefika. Simu, kwa kiherehere chake, ikaanza kupakia picha na kusasisha programu. Salio likakata, ujumbe wangu una tiki moja. Tiki MOJA. Na msiniambie romingi lazima iwe ghali. Umoja wa Ulaya ulizifuta gharama za ziada baina ya nchi wanachama Juni 2017, na sheria ikaongezewa muda hadi 2032. Kwa hiyo wakibanwa wanaweza.

Usafiri nao ni yale yale. Basi halipokei fedha taslimu, tiketi ni kwenye programu. Nikatafuta waifai, nikaitafuta programu, jibu: haipatikani katika nchi yako. Eti kwa sababu akaunti yangu ya simu nilifungulia nyumbani. Nikanunua tiketi ya karatasi ya treni, nikapigwa faini kwa kutoipitisha kwenye kimashine cha kugonga muhuri kabla ya kupanda. Tiketi nimelipia, iko mkononi, mkaguzi anaiona!

Kilichoniokoa ni ramani niliyoipakua kabla ya safari, maana GPS haili bando. Mawimbi ya satelaiti zilizo kilomita 20,000 na ushee angani yananifikia bila kuulizwa namba. Waifai iliyo mita tano kutoka kichwani kwangu ndiyo inanitaka nijisajili.

Aliyewahi kufunguliwa simu akiwa nje ya nchi, alipitia mlango gani? Jibuni upesi, naandikia simu ya jirani wa chumba cha pili na ameshagonga mlango mara mbili kuidai.