Sunday Manara au Fei Toto? Tino au Samatta? Tupange kikosi kimoja

Mwana wa Ilala:
Wakuu, heshima kwenu. Wiki iliyopita nilikuwa naangalia mechi na mwanangu wa mwisho, ana miaka 14. Wakati wa mapumziko nikamtajia Thuwein Ally. Akauliza ndiyo nani huyo. Nikamwambia ndiye aliyetufungia mabao mawili kule Lagos kwenye AFCON ya 1980, moja dhidi ya Misri, jingine dhidi ya Ivory Coast. Kijana akachukua simu kumtafuta. Akaandika jina hivi, akaandika vile, akaishia kupata picha moja isiyo na rangi, timu imejipanga mistari miwili, sura hazitambuliki. Akanigeukia: "Baba, mbona huyu wako hachezi?"

Swali hilo limenikaa kifuani. Sasa nataka tupange kikosi kimoja kwa haki, kila namba wa zamani na wa miaka ya karibuni, uchague mmoja na useme sababu. Kipa: Juma Pondamali "Mensah" au Juma Kaseja. Beki wa kati: Jella Mtagwa au Ibrahim Hamad "Bacca". Kiungo mchezeshaji: Sunday Manara "Kompyuta" au Feisal Salum "Fei Toto". Mshambuliaji: Peter Tino au Mbwana Samatta. Ombi langu ni moja: sema kama ulimwona kwa macho, ulimsikia redioni au ulisimuliwa tu.

Mzee wa Reli:
Mdogo wangu, umenigusa. Mimi mwaka 1979 nilikuwa kijana wa miaka 19 Morogoro, baba yangu anafanya kazi reli. Nianze na Tino. Ile mechi ya Ndola ya kutafuta kwenda Lagos niliisikia redioni. Betri tulizianika juani toka asubuhi ili zipate nguvu, redio tukaiweka juu ya ndoo ya bati iliyogeuzwa, sauti itoke vizuri. Nyumbani tulikuwa tumewafunga Zambia 1-0, kwao wakatutangulia, roho juu. Tino aliposawazisha, mama yangu, ambaye hajawahi kuangalia mpira maishani mwake, alitoka jikoni na mwiko mkononi anauliza nani kafa. Yale machozi ya wanaume wazima nayaona mpaka leo.

Lakini nikiulizwa nani mchezaji mkubwa, sitamdanganya mwanao. Ni Samatta. Katoka African Lyon, kapita Simba, kaenda TP Mazembe akawa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani humu mwaka 2015, kachukua ubingwa wa Ubelgiji na Genk, kamfunga Liverpool pale Anfield kwa kichwa, kamfunga Manchester City kwenye fainali Wembley. Sisi wazee tukubali. Tino ni wa moyoni, Samatta ni wa kikosini.

Kwa Sunday sibadiliki. Huyo nilimwona kwa macho.

Damu ya Jangwani:
Shikamoo mzee wa Reli. Naheshimu, ila napinga. Mnawapa wazee alama za bure kwa sababu hakuna video ya makosa yao. Fei akipoteza mpira mara moja leo, jioni kipande kiko kwenye kila simu. Sunday alipoteza mipira mingapi? Hakuna ajuaye. Redio ilikuwa inatangaza shuti linalopita juu ya mwamba kana kwamba limegonga mwamba! Mimi nasimama na Fei. Anapiga kwa mbali, anakaba, anakimbia dakika 90. Kwenye beki namchukua Bacca bila kufikiria mara mbili.

Na matokeo yanasema. Yanga tumefika fainali ya Kombe la Shirikisho 2023, tumewafunga USM Alger kwao 1-0, tumekosa kombe kwa bao la ugenini tu. Simba nao fainali 2025. Zamani mlikuwa na nini?

Mzee wa Reli:
Marahaba mwanangu. Simba ilifika nusu fainali ya klabu bingwa 1974, ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti. Mwaka 1993 ikacheza fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Abidjan. Mwaka 1979 ilifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapa hapa Dar, watu wakaondoka uwanjani hata kabla ya filimbi, kisha ikaenda Zambia ikarudisha tano. Tano bila! Vikosi hivyo walikuwa vijana wa Kariakoo, Tanga, Mwanza, Unguja. Leo ligi yetu inaruhusu wageni hadi 12 kwa timu. Ile Yanga ya 2023 mabao yake mengi yalitoka kwa Mayele, Mkongo. Nampenda Mayele, lakini usimlinganishe na Sunday kwenye hesabu ya Mtanzania.

Kipenga Mstaafu:
Nimechezesha mpira miaka mingi, naomba niongeze jambo ambalo halisemwi. Mnalinganisha watu waliocheza michezo miwili tofauti. Kabla ya 1992 beki akibanwa alimrudishia kipa, kipa anadaka kwa mikono, mpira unalala. Pondamali alikulia kwenye sheria ile. Kaseja alilazimika kutumia miguu toka utotoni. Kumpitia mtu kwa nyuma zamani ilikuwa onyo la mdomo, filimbi, twende. Kwa hiyo mchezaji wa chenga wa miaka ya 70 alikuwa anacheza huku anajua goti lake halina mlinzi. Abdallah Kibadeni alipofunga matatu kwenye ile 6-0 ya Simba dhidi ya Yanga Julai 1977, mabeki walikuwa na ruhusa ya kufanya mambo ambayo leo ni nyekundu ya moja kwa moja. Mkimweka Fei pale, nani anajua angemaliza msimu mzima mzima? Na mkimleta Sunday hapa, na ulinzi huu wa waamuzi, sijui nani angemshika.

Kipa wangu ni Kaseja, kwa zile penalti za Cairo 2003 Simba ilipomtoa Zamalek, bingwa mtetezi. Niliona.

Kocha wa Chandimu:
Nafundisha watoto chini ya miaka 15 hapa Temeke, na suala hili linaniuma kila Jumamosi. Nina mtoto mmoja, mguu wa kushoto, ana chenga ya mwili ambayo sikumfundisha mimi wala mtu yeyote. Anashusha bega la kulia, beki anaenda sokoni, yeye anapita. Mwezi uliopita tulimpeleka majaribio mahali fulani. Karatasi ya alama ilikuwa na mbio, pasi, ukabaji, urefu. Chenga haikuwa na mstari. Akarudi na alama ndogo. Njiani akaniuliza, "Kocha, niache kupiga chenga?"

Kina Sunday walikulia kwenye uwanja wa vumbi na mpira wa makaratasi, watu 20 kila upande, hakuna nafasi, kwa hiyo unajifunza kutoka kwenye msongamano. Leo viwanja vile vimejengwa nyumba, mtoto anacheza saa moja na nusu kwa ratiba, koni zimepangwa, mguso mmoja, miwili, achia. Anajifunza kujipanga vizuri kuliko wazee wote, hilo ni kweli, lakini ule ujanja wa kuokoka mwenyewe haupati. Kwa hiyo simlaumu Fei wala vijana. Namchagua Sunday kwa sababu nataka yule mtoto wangu aamini kuna mahali pake.

Binti wa Barabara ya Kumi na Tano:
Salamu toka Tanga. Mimi sichagui namba, nachagua ramani. Baba alikuwa ananibeba mabegani kwenda uwanja wa Mkwakwani, na mwaka 1988 Coastal Union ndio mabingwa wa nchi. Miaka miwili kabla, mabingwa ni Tukuyu Stars, timu ya Rungwe huko! Baada ya Mtibwa Sugar kuchukua 1999 na 2000, nje ya Simba na Yanga ni Azam peke yake, 2013/14. Zamani mchezaji wa Taifa Stars angeweza kutoka popote na akabaki kwao. Sasa mtoto wa Tanga akiwa mzuri, akifika miaka 19 tunamwangalia kwenye televisheni kavaa jezi ya Kariakoo, Simba au Yanga. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko chenga.

Mwana wa Nyanza:
Jirani zenu wa Kisumu tuko hapa. Sisi kidonda ni kile kile. Gor Mahia ya 1987 ilichukua Kombe la Washindi la Afrika, 2-2 Tunis na Esperance, 1-1 Nairobi. Austin Oduor akainua kombe, Peter Dawo akiwa mbele na vichwa vyake, Abbas Magongo wa Mombasa pembeni na chenga zake. Vijana wangu wanajua majina ya wachezaji wa akiba wa Arsenal, Magongo hawamjui. Kwenye orodha yako: Samatta, na Jella Mtagwa, kwa sababu beki ambaye nchi yake imemweka kwenye stempu si beki wa kawaida. Huyo nilisimuliwa tu, nakiri.

Mwana wa Ilala:
Asanteni sana wakuu. Nimehesabu kura mpaka usiku huu: Kaseja golini, Samatta mbele. Beki wa kati Mtagwa na Bacca wamefungana, kura moja kila mmoja, nawaweka wote wawili, waelewane wenyewe. Sunday ameongoza kwa kura mbili kwa moja. Kocha, mwambie yule mtoto asiache.

Kijana wangu amesoma majibu yote. Ameniomba kitu kimoja: mzee wa Reli arekodi kwa sauti yake lile bao la Ndola, kama alivyolisikia siku ile, na ile ndoo, na mama na mwiko wake.

Mzee wa Reli:
Mwambie anipe dakika kumi, nifunge madirisha kwanza, barabarani kuna kelele.