Uzamili wa uuguzi: niende wa ualimu, wa utawala au wa kliniki?

asali_ya_Sikonge:
Habari zenu wakuu. Ni Afisa Muuguzi hospitali ya serikali hapa Tabora mjini, miaka minne kazini, nimeshathibitishwa. Shahada ya uuguzi, GPA 3.4. Nataka uzamili, na mbele yangu naona njia mbili: ukufunzi katika chuo cha uuguzi (ngazi ya 4 hadi 6, yaani cheti hadi stashahada), au utawala, yaani muuguzi mfawidhi na kuendelea. Kozi nyingi ninazoziona zimeandikwa "Uzamili wa Sayansi ya Uuguzi" halafu jina la fani ya kliniki. Je, kozi ya hivyo inatosha kwa mojawapo ya kazi hizo? Na nianze kuandaa nini kabla sijaondoka? Sitaki kufika Dar au Dodoma ndipo niulize.

Mgebuka_Ujiji:
Dada (au kaka, samahani), usisome jina la kozi, soma orodha ya masomo yake. MUHAS (Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili, Dar) kwa mfano wana uzamili wa wagonjwa mahututi na majeruhi, wa afya ya akili, na wa ukunga na afya ya wanawake. Hizo ni kozi za kukufanya bingwa wa kitandani. Utatoka unajua mashine ya kupumulia, lakini kutunga mtihani au kupanga ikama (idadi ya watumishi) ya wodi unaweza ukaambulia somo moja tu, au usilipate kabisa.

Ukitaka ukufunzi, tafuta kwenye orodha hiyo vitu vitatu: uandaaji wa mtaala, upimaji wa wanafunzi, na mazoezi ya kufundisha yanayosimamiwa. Hayo mazoezi ndiyo kipimo changu. Kozi inayodai kuandaa walimu bila kumsimamisha mwanafunzi darasani na wodini mbele ya msimamizi, iache.

Unaweza pia kusoma ya kliniki kisha ukaongeza mafunzo ya kufundisha. CEDHA, kituo cha maendeleo ya elimu ya afya Arusha, kipo kwa kazi hiyo ya walimu wa afya. Chuo Kikuu Huria nacho kina vituo Tabora na Kigoma, na stashahada ya uzamili ya elimu inasomwa kwa masafa. Ila ile imelenga zaidi mwalimu wa sekondari, usitegemee ikufundishe kusimamia wanafunzi wodini.

GPA yako inatosha kuingia, vyuo kwa kawaida huanzia 2.7. Ila ujue mapema kwamba uhadhiri msaidizi wa vyuo vikuu vya umma umekuwa ukitaka 3.8 ya shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili. Kwa 3.4, lenga vyuo vya kati. Huko Kabanga, Nkinga na kwingineko wanahitaji watu pia.

ZamuYaUsiku:
Upande wa utawala nikupe hesabu moja tu, ukiielewa umeelewa nusu ya somo: WISN, njia ya Shirika la Afya Duniani ya kukadiria watumishi kwa mzigo wa kazi.

Kwanza tafuta saa ambazo muuguzi mmoja anapatikana kwa mwaka. Siku 260 za kazi (wiki 52 mara 5), toa likizo 28, sikukuu tuseme 15, ugonjwa 5, semina 5. Zinabaki 207. Mara saa 8 ni 1,656.

Sasa chukua wodi ya wazazi yenye wanaojifungua 3,000 kwa mwaka, kila mmoja akihitaji saa 4 za mkunga. Hizo ni saa 12,000. Gawa kwa 1,656 unapata 7.25. Lakini wakunga hutumia muda pia kwenye vikao, ripoti na kuagiza vifaa. Kama hayo yanakula asilimia 15, gawa tena kwa 0.85, unapata 8.53. Wodi ikiwa na wakunga watano, uwiano wa waliopo kwa wanaohitajika ni 0.59, yaani watu watano wanabeba kazi ya zaidi ya wanane.

Wengi wanaharibu kwenye zile saa 4. Wanakaa ofisini na kukisia. Muda wa kazi upimwe wodini au ukubaliwe na wakunga wenye uzoefu, kwa kiwango cha kazi inavyopaswa kufanywa. Ukipima inavyofanywa leo kwa haraka kwa sababu watu ni wachache, uhaba unajificha ndani ya hesabu yako mwenyewe.

Kalamu_Nyekundu:
@ZamuYaUsiku hesabu nzuri, ila likizo umekosea. Sheria inasema siku 28 mfululizo, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili zimo humo. Kwenye siku 260 wikiendi ulishazitoa, ukitoa tena 28 umezitoa mara mbili. Toa 20. Zinabaki siku 215, saa 1,720. Mahitaji yanakuwa 6.98, na baada ya 0.85 ni 8.21. Kwa wodi moja ni kidogo, lakini hospitali inayohitaji wauguzi 100 wewe utaomba 104, na afisa utumishi akiligundua kosa hilo hakuamini tena hata pale ulipo sahihi.

Kwa muuliza swali, ualimu nao una hesabu zake. Swali la kuchagua jibu linachambuliwa baada ya mtihani, kuona kama linatenganisha wanaojua na wasiojua. Darasa la 60, chukua asilimia 27 ya juu na 27 ya chini, yaani 16 na 16. Wa juu wamepata 14, wa chini 6: toa, gawa kwa 16, ni 0.5, swali zuri. Chini ya 0.2 lirekebishe. Ikitoka hasi, yaani waliofeli wamelipata kuliko waliofaulu, angalia kwanza ufunguo wa majibu. Mara nyingi kosa ni la mwalimu.

OSCE je, ule mtihani wa vitendo wa kupita kituo kwa kituo? Vituo 12, dakika 6 na 1 ya kuhama, mzunguko mmoja ni dakika 84 kwa wanafunzi 12. Kwa 60 ni mizunguko mitano, saa 7 bila mapumziko. Hapo ndipo mambo huharibika: msahihishaji amechoka, na waliomaliza wanawasimulia wanaosubiri. Fungua njia mbili sambamba, unamaliza kwa saa 4 na dakika 12, na wasiofanya bado wafungiwe chumbani bila simu. Gharama yake ni wasahihishaji mara mbili.

asali_ya_Sikonge:
Asanteni sana, hizi hesabu nimezichapa kabisa. Nimeanza kuelekea kwenye ukufunzi. Utafiti je? Nilitaka kupima uelewa wa wauguzi wa hospitali moja, wapo 84.

Kalamu_Nyekundu:
Ukitumia fomula ya Yamane ya kukadiria ukubwa wa sampuli, kwa kosa la 0.05, utapata 70. Kubagua 14 hakuna maana, wachukue wote 84. Pia "uelewa" peke yake ni mada iliyochoka. Pima wanachofanya, kwa kuwaangalia na orodha ya hatua mkononi, halafu ulinganishe na wanachosema wanafanya.

Utaratibu: kibali cha maadili cha chuo kwanza, kisha Katibu Tawala wa Mkoa, Mganga Mkuu wa Mkoa, ndipo uongozi wa hospitali. Usianze kukusanya takwimu barua zikiwa njiani. Takwimu za kabla ya kibali hazitumiki.

Mgebuka_Ujiji:
Na ruhusa ya masomo iombwe mapema. Jina lako liwe kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri kabla ya Julai, maana masomo ya Oktoba hayangoji bajeti. Ukiondoka na barua ya udahili tu, bila ruhusa ya maandishi, kwenye faili wewe ni mtoro na mshahara unasimama. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga nayo usiiache iishe ukiwa shuleni. Kuna mazoezi ya wodini humo humo ndani ya uzamili.