Naomba ushauri: je, kitakasa mikono kinatosha kwa anayemshika mtoto njiti wodini?

Mama Kachanga (mwanzisha uzi):
Wanajamvi, shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za jioni. Mwanangu alizaliwa akiwa na wiki 31 na gramu 1,400, na leo ni siku ya tisa tunalala wodi ya watoto njiti. Mlangoni ipo chupa ya kitakasa mikono ambayo kila anayeingia huibonyeza. Jana mama mkwe wangu alikuja kutuona akitokea moja kwa moja sokoni. Alibonyeza mara moja, akajifutia kwenye khanga mikono ikiwa bado mibichi, akapokea simu, kisha mkono ule ule uliotoka kwenye simu akaunyoosha amshike mtoto. Nilimzuia kwa kusingizia kwamba mtoto amelala, naye akaondoka akiwa mnyonge. Tangu hapo sina raha, kwa sababu sijui kama nilimkosea bure. Naomba kujua: kitakasa peke yake kinatosha, au ni lazima sabuni na maji? Halafu mikono yangu imepasuka kwenye vifundo vya vidole, na kila nikipaka inachoma. Je, chupa zinazouzwa kituo cha daladala kwa bei nafuu zinafaa?

Muuguzi wa Zamu:
Pole, dada, na hongera kwa mtoto. Hukumkosea mama mkwe wako. Kinga nyingi ya mama humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, kwa hiyo njiti hutoka tumboni kabla hajapata fungu lake, na ngozi yake bado ni nyembamba mno. Kijidudu ambacho mtu mzima hutembea nacho mkononi bila kuumwa kinaweza kumwingia mtoto huyo kwenye damu.

Kitakasa chenye spiriti huua bakteria wengi na virusi wengi, tena kwa haraka kuliko sabuni, ila kina masharti yake. Mikono isiwe na uchafu unaoonekana, dawa ijae kiganjani, na usugue kwa sekunde 20 hadi 30 mpaka mikono ikauke yenyewe, bila kusahau vidole gumba, ncha za vidole na katikati ya vidole, maana huko ndiko wengi wetu hupita juu juu. Anayejifuta kwa khanga anaiondoa dawa kabla haijamaliza kazi, na khanga nayo inamrudishia vya sokoni. Mikono yenye jasho, vumbi na shombo la samaki inaanzia kwenye sabuni na maji yanayotiririka, kwa sekunde 40 hadi 60. Fanya vivyo hivyo ukitoka chooni na ukimaliza kubadilisha nepi, kwa kuwa vipo vijidudu ambavyo spiriti haivimudu vizuri, kama norovirusi, kirusi kinacholeta kutapika na kuharisha.

Wewe mwenyewe takasa kabla ya kumgusa mtoto, kabla ya kukamua maziwa, na kila baada ya kushika simu. Sisi wauguzi pia tunatakiwa kutakasa tunapotoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine, hata kama tulivaa glavu. Ukimwona mwenzetu amesahau, mkumbushe kwa upole. Una haki hiyo.

Mfamasia wa Mtaani:
Naongezea upande wa chupa. Soma lebo: ethanoli, yaani spiriti yenyewe, isipungue asilimia 60. Mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani una ethanoli asilimia 80, au isopropili (spiriti ya aina nyingine) asilimia 75, pamoja na gliserini kidogo ya kulinda ngozi. Spiriti tupu ya asilimia 99 haifanyi kazi vizuri zaidi, kwa sababu maji ndiyo yanayoisaidia kuharibu protini za kijidudu. Chupa isiyo na lebo iache huko huko kituoni, kwani huenda ina methanoli, ambayo ni sumu. Kuhusu mikono kupasuka, ikiwa ulishanawa kwa sabuni unapoingia wodini, si lazima unawe tena kabla ya kila kitakasa. Kuifanya yote miwili kila mara, tena kwenye mikono mibichi, ndiko kunakoichubua ngozi. Kausha vizuri, na uwe na mafuta yako ya kupaka ambayo huchangii na mtu.

Bibi wa Wajukuu Saba:
Mwanangu, usimkataze mkweo. Chukua jagi, beseni na sabuni, umwambie, "Mama, karibu nikunawishe." Hakuna mzazi wa kwetu anayekataa kunawishwa na mkwewe.

Mama Kachanga:
Nawashukuru nyote, na wewe bibi nakushukuru kipekee. Leo jioni nimemsubiri nje ya mlango wa wodi na jagi la maji. Hakuuliza kitu. Alivua pete na bangili mwenyewe, akazifunga kwenye pindo la khanga, akainama, nami nikammiminia huku akisugua mpaka kwenye vifundo vya mikono. Tulipofika mlangoni tulipaka kitakasa pamoja, tukasimama na mikono hewani mpaka ikakauka. Simu yake iliita ndani ya mkoba, naye akaiacha iite. Amemshika mjukuu wake kwa mara ya kwanza.