Tupeane uzoefu: kifaranga amedumaa, wenzake wanakua yeye yuko palepale

Mtetea wa Kibaha
Wadau habari za jioni. Kuna kifaranga mmoja hapa ananinyima usingizi. Mtetea wangu alilalia mayai 11, siku ya 21 wakatoka 8, kesho yake akanyanyuka nao kwenda zake kuchakura. Mi naenda kutoa yaliyobaki nikatupe, nasikia yai linalia kwa ndani. Nikalifunga kitambaa nikaliweka pembeni ya jiko, akatoka asubuhi yake kalowa chapachapa, shingo haina nguvu kabisa. Usiku nikamsukumia chini ya bawa la mama yake, akapokelewa bila shida. Sasa leo wana wiki tatu, wenzake wana manyoya mabawani wanarukia matofali, huyu bado ana vile vinyoya vya kuzaliwa, mabawa yananing'inia kama kavaa koti la baba yake. Jana nikampeleka kwa Mangi wa duka tukampima kwenye mizani, watu wamenicheka sana, gramu 58. Mwenzake niliyembeba naye 131. Kula anakula, anadonoa mara mbili tatu halafu anasimama anafumba macho. Haharishi. Mliowahi kukuza wa hivi mlifanyaje? Wa kuniambia nichinje naomba wapite tu, hana hata nyama 😅

Pumba na Mashudu
Dada pole. Kabla hujakimbilia dawa, cheki baridi. Mi nilianza na vifaranga 100 Makambako mwezi wa sita, sikuambiwa na mtu na mimi sikuuliza, nikaweka jiko moja la mkaa kwenye chumba kizima nikalala zangu. Asubuhi nakuta wamelaliana kwenye kona, wa chini wameshakufa, nilitoa 27 siku hiyo. Ila kilichoniuma zaidi ni waliobaki, kuna kama 15 hivi hawakuwahi kuwafikia wenzao mpaka nauza. Kifaranga akishapigwa baridi siku za mwanzo chakula chote anachokula kinaishia kutafuta joto, hakuna kinachobaki cha kukulia.

Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 mpaka 35, halafu unapunguza kama 3 kila wiki. Kipimajoto sikuwa nacho, nilijifunza kuwasoma wenyewe. Wakijikusanya chini ya taa ujue wanasikia baridi, wakikimbilia ukutani wamepanua midomo ujue unawachoma, wakitawanyika wakala wakalala hovyo hovyo kama watoto wa chekechea hapo uko sawa. Na jiko la mkaa acha dirisha wazi jamani, lile linaua kuku na linaua na mwenye kuku.

Huyo wako usiku mtie kwenye boksi na chupa ya maji ya moto uliyoivisha soksi. Ibadilishe saa nane usiku, ndio, utaamka.

Mama Ingokho
Hapa ni Kakamega, na kwetu kuku si mchezo, kwa hivyo nisikize. Umemwangalia uso? Namaanisha kumshika na kumulika na tochi ya simu. Nilikuwa na mmoja hivyo hivyo, analala amesimama, macho nusu, majirani wote wanasema ni kideri, ule ugonjwa wa kumaliza kuku. Kumulika, viroboto weusi wamejipanga pande zote za macho na kwa kilemba kama mtu amepaka wanja, na hawaruki hao, wamejigandamiza pale wananyonya. Sasa kifaranga wa ukubwa huo ako na damu ngapi? Nikampaka Vaseline nzito juu yao nikikwepa jicho lenyewe, kesho yake wengi wameanguka. Halafu nikatoa majani yote ya kiota nikachoma, maanake ukimtoa yeye na uache kiota umefanya kazi bure.

Ya pili ni mchwa. Chukua chungu kizee, jaza mavi ya ng'ombe makavu na mabua ya mahindi, nyunyizia maji, kipindue juu ya shimo la mchwa jioni. Asubuhi unakung'uta mbele ya vifaranga na unasimama kando. Mdogo hatawahi kama hujamtenga, hao wengine ni wezi.

Kimya Kingi
Wangu alikufa. Nilimpa maji na sirinji mdomoni kwa nguvu nikidhani namsaidia, akakohoa mara moja akanilalia mkononi. Baadaye bwana mifugo akaniambia maji yalienda kwenye mapafu. Mchovye ncha ya mdomo tu kwenye kifuniko cha soda, atainua kichwa mwenyewe ameze. Ni hilo tu nilitaka kusema.

Muuza Dawa
Mi nakaa kwenye duka la dawa za mifugo, niseme ukweli utakaonikosesha wateja. Mtu anakuja anasema "nipe ya vifaranga wanaosinzia" na tunampa antibayotiki ya unga, basi kaenda. Hatumuulizi wangapi, wana umri gani, kinyesi kikoje. Swali la kwanza ni wangapi. Akiwa mmoja tu na wenzake wazima, mara nyingi ni yeye mwenyewe, kachelewa kutotolewa, ananyang'anywa chakula, ana kilema. Wakiwa watano wamejikunyata na kinyesi kina damu, hiyo fikiria koksidia, vijidudu vya utumboni, na usingoje, hapo ndio dawa ya amprolium inatibu, na maranda yaliyolowa unatoa yote. Mharo mweupe unaoganda nyuma ukaziba, osha kwa maji ya uvuguvugu na pamba, usibandue kwa kuvuta unachana ngozi. Ila mharo mweupe kwa wengi wa siku chache tu, na wanakufa, muite mtaalamu.

Na hizi pumba za mahindi yaliyoota ukungu mnazosema "ni za kuku tu", sumukuvu inadumaza kuku vizuri sana, hata aliyetoka kwenye yai akiwa mzima. Halafu nawa mikono, naona watu wanambusu kifaranga.

Kongwa Original
Mi nacheka mwenyewe hapa. Niliomba mayai kwa jirani nikachanganya na ya kuchi wangu, wale kuku warefu wakubwa, kuku mmoja akalalia yote. Wakatoka, mmoja mdogoooo. Nikamlea huyo miezi miwili, glukosi, kiini cha yai la kuchemsha nasagia na pumba, usiku anakaa ndani na sisi, mke wangu akaanza kumuita mkwe. Akaja mzee mmoja kunitembelea, kamshika, kampapasa mfupa wa kifua, akaniuliza, sasa huyu anaumwa nini? Kumbe jirani anafuga ching'wekwe, wale wadogo wadogo wa huku Dodoma na Morogoro, na mi nampima na mtoto wa kuchi! Alikuwa mzima wa afya tangu siku ya kwanza. Anataga mpaka leo.

Ila wako wa gramu 58 na mama mmoja na wenzake, hiyo siyo mbegu dada.

Hesabu Kwanza
Sipingi huruma, ila akipona usimfanye jogoo wa mbegu. Na mi nikiwa na 500 simlei mmoja kwa chupa ya soksi, naongea ukweli.

Mtetea wa Kibaha
@Hesabu mi ninao tisa tu kaka, nina muda 😂

Nimerudi, leo siku ya sita. Nimemulika uso, viroboto wawili jicho la kushoto, Mama Ingokho asante, nilishampita mara mia sijawaona. Lakini nadhani kubwa ni hili: nilikaa na kigoda nikawaangalia wanavyokula. Mama yake akiita wale wanane wanafika, yeye anafika wa tisa anakuta mchanga. Kwa hiyo nimeinua tenga juu ya matofali manne, vifaranga wanapenya mama yao hapiti, na yeye namuingiza kwanza na mwenzake mmoja mpole, dakika kumi kabla ya kundi. Peke yake nilijaribu, alilia mpaka nikamtoa. Chupa ya soksi naendelea nayo, saa nane naamka kweli, mume wangu amehamia sebuleni.

Leo kwa Mangi gramu 74. Mangi mwenyewe ndio kaniuliza "yuko wapi mgonjwa wetu" kabla sijasalimia. Bawa la kulia yametokeza manyoya matatu, la kushoto bado. Asubuhi kajaribu kurukia tofali, kaanguka upande ule usio na manyoya.