Mtoto wa mbwa anafukua ua mzima, nianzie wapi?

UaWaNyuma

Habari zenu wakuu. Nina mtoto wa mbwa jike wa miezi minne, chotara mwenye damu ya terrier. Anachimba sehemu tatu. Chini ya mti anachimba mashimo mapana yasiyo na kina, mchana jua likiwa kali, na akimaliza analala humo humo. Kwenye tuta la mboga anafukua hasa siku nikitia mbolea au kumwagilia. Inayonitia hofu ni ya tatu: kando ya uzio wa waya, shimo jembamba linaloelekea nje, na hapo anachimba nikiwa sipo.

Anakula vizuri, ila chanjo hajamaliza. Nimeshauriwa nimwage pilipili, nifukie kinyesi chake mashimoni, au nimshike nimpeleke kwenye shimo nimchape ili ajue kosa lake. Kabla sijafanya lolote naomba wanaojua waniambie kipi kinafanya kazi, na nianze na kipi. Udongo ni wa kichanga, uzio hauna msingi wowote chini.

PuaChini

Mkuu, hayo ni matatizo matatu, si moja, na ndiyo maana dawa moja haitatosha. Shimo lenyewe huonyesha sababu. Pana, la kina kifupi, kivulini na mchana: anatafuta udongo wa baridi alaze tumbo. Kwenye tuta lililotoka kutiwa mbolea: pua ndiyo inayomwongoza. Kando ya uzio: anataka kufika upande wa pili, au anaogopa kubaki peke yake. Ungeniambia anafukua kwa kufuata mstari kwenye majani, ningekuambia utazame kama kuna fuko au mchwa chini.

Pia elewa unaishi na mbwa wa aina gani. Terrier walizalishwa kufuata wanyama hadi ndani ya mashimo yao. Kumzuia asichimbe kabisa ni vita utakayopigana miaka yote. Kumfundisha achimbe wapi inawezekana, na mbwa wa umri huo hujifunza haraka.

Anza leo na jambo moja: asikae uani peke yake hata kidogo kwa sasa. Kila dakika anayochimba bila kuelekezwa ni dakika ya mazoezi, na kuchimba kunamlipa papo hapo, kwa baridi, harufu, mdudu au mzizi wa kutafuna. Hahitaji sifa yako ili aendelee. Mtoe ukiwa naye, amevaa mkanda wa kifuani na kamba nyepesi ya mita 5 inayoburuta chini. Ukiondoka, arudi ndani au kwenye kizimba chenye sakafu ngumu. Kamba usimwachie akiwa peke yake, itajizungusha kwenye kitu.

Akianza kukwangua, usipige kelele. Mwite kwa sauti ya furaha, na akisita vuta kamba taratibu mpaka ageuke, kisha mpeleke moja kwa moja panaporuhusiwa kuchimbwa. Ukimwita kwa hasira, atajifunza kwamba kuja kwako kuna hatari, na utakuwa umeharibu amri muhimu kuliko zote. Kumchapa baada ya tukio hakufundishi chochote. Mbwa huunganisha adhabu na kile anachokifanya sekunde hiyo hiyo, na sekunde hiyo anakuangalia wewe. Ule uso wa kuinamisha masikio ambao watu husema ni wa kujua kosa ni woga wa hasira unayoonyesha.

Sasa panapochimbwa. Tengeneza boksi la mchanga, na hapa usibane sana vipimo. Upana wa mita 1 kwa mita 1.5 unamtosha mbwa wa wastani hata akishakua. Kina kiwe sentimita 40. Hiyo ni mita za ujazo 0.6, yaani toroli tisa au kumi, karibu tani moja kwa uzito, kwa hiyo chagua mahali kabla hujamwaga, maana kuhamisha ni kazi. Pawe na kivuli, mbali na uzio, na karibu na nyumba unakopita mara kwa mara. Kingo zijenge kwa mawe au mbao ambazo hazikupakwa dawa ya kuhifadhi, kwa sababu atazitafuna. Chini acha wazi; udongo wako wa kichanga utapitisha maji wenyewe. Usitandike gunia wala nailoni, atalifikia, atalichana na kumeza nyuzi.

Changanya mafungu mawili ya mchanga na fungu moja la udongo wa kawaida. Mchanga mtupu ukikauka hubomoka, unamwingia machoni na haumpi ile raha ya kuchimba. Nyunyiza maji mpaka ukiufinya kiganjani ushikane bila kudondosha.

Mara ya kwanza, fukia mwanasesere wa mpira nusu tu, akiona. Sema "chimba" anapoanza kukwangua, msifu kwa dhati, na akimtoa cheza naye papo hapo. Dakika tano, mara tatu kwa siku zinatosha. Anapoelewa mchezo, fukia sentimita 3, kisha 10, kisha 20, na uanze kufukia akiwa hayupo ili awe anakuta mambo mapya. Vitu viwe vikubwa kuliko koo lake. Chakula kisimwagwe kwenye mchanga hata siku moja: atakomba mchanga pamoja nacho, na mchanga mwingi tumboni huziba utumbo. Weka chakula ndani ya mpira wenye tundu, halafu ufukie mpira.

Wengi hukwama hapa: wanajenga boksi, wanalijaza wiki ya kwanza, halafu wanasahau. Boksi lisilo na kitu ni mchanga tu, na tuta la mboga lina harufu nzuri zaidi. Lijaze kila asubuhi.

Kigingi

Mimi niongee uzio peke yake, kwa sababu hapo mbwa anaweza kutoka na asirudi.

Usichimbe mtaro mrefu wa kina, ni jasho la bure kwa mbwa wa ukubwa huo. Tafuta wavu wa chuma uliochomelewa, uliopakwa zinki, matundu ya sentimita 2.5, upana wa sentimita 90. Ukunje uwe kama herufi L: sentimita 30 zipande kwenye uzio, sentimita 60 zilale chini kuelekea ndani. Sehemu iliyosimama ifunge na waya kila baada ya sentimita 15 au 20. Iliyolala ibane na vigingi kila sentimita 40, halafu ifunike kwa udongo wa sentimita 5 mpaka 10 na upande majani juu, au panga mawe bapa.

Inafanya kazi kwa sababu mbwa huanza kuchimba pale pale pua inapogusa uzio. Anakuta waya, anajaribu kushoto na kulia, anakuta waya. Kurudi nyuma sentimita 60 na kuanzia huko ni wazo ambalo mbwa wengi hawalipati.

Wavu wa banda la kuku usiutumie. Ni mwembamba, unaoza haraka ardhini, na ukikatika ncha zake zinachana vidole. Wavu wowote ule, kingo zilizokatwa zikunje zitazame chini. Vipande viwili vikikutana vipishane sentimita 30, hasa kwenye kona, maana kona ndiyo hufunguka kwanza. Na geti usilisahau! Watu huziba uzio mzima wakaacha uwazi chini ya geti. Hapo weka kizingiti cha zege au safu ya matofali bapa yenye upana wa sentimita 45.

Jambo jingine: huyo ni jike. Joto la kwanza, yaani kipindi cha kutaka dume, kwa kawaida huja kati ya miezi sita na kumi na mbili, na wakati huo madume ya nje huchimba kuingia. Wavu wa ndani hauwazuii. Weka mwingine upande wa nje kama una nafasi, au zungumza mapema na daktari kuhusu kumfunga kizazi.

MganganiMifugo

Yaliyosemwa juu nayaunga mkono. Naongeza upande wa afya, kwa sababu hiyo taarifa kwamba chanjo hajamaliza imenishtua kidogo.

Mchanga wa boksi usitoke mahali mbwa wengine wanapita. Virusi vya parvo, vinavyoshambulia utumbo wa mbwa, hukaa kwenye udongo mwaka mzima na zaidi, na mbwa wa miezi minne asiye na kinga kamili ndiye anayeuawa navyo. Chukua mchanga wa ujenzi ulio safi, na maliza chanjo bila kuchelewa.

Kinyesi kufukiwa shimoni, hapana. Mayai ya minyoo ya mviringo yakitoka kwenye kinyesi hayaambukizi siku hiyo. Yanahitaji wiki mbili au zaidi kwenye udongo, kisha hubaki hai kwa miaka. Ukikifukia unayapa mahali pa kukomaa, halafu mbwa anakuja kufukua kwa pua na mdomo. Safura, minyoo inayonyonya damu, ni mbaya zaidi, viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya miguu, ya mbwa na ya mtoto anayecheza peku. Kinyesi kiokotwe kila siku. Umri huo apewe dawa ya minyoo kila mwezi mpaka atimize miezi sita, kwa kipimo cha uzito wake wa siku hiyo. Anaongezeka haraka, kipimo cha mwezi uliopita hakitoshi.

Pilipili huchoma macho na pua, mvua moja inaisafisha, na mbwa husogea nusu mita akaendelea. Vidonge vyeupe vya kufukuza nondo kabatini, ambavyo wengine hufukia bustanini, ni sumu kwake. Angalia pia unachotia kwenye tuta. Mbolea ya unga wa mifupa, damu au samaki humwita achimbe, na akila nyingi huganda tumboni. Mashudu ya mbarika yanayotumika kama mbolea yana sumu inayoua. Dawa ya konokono yenye metaldehaidi humletea degedege ndani ya saa chache. Ukiwa na sumu ya panya popote uani, iondoe kabla mbwa hajatoka tena.

Tuta lenyewe lizungushie wavu wa sentimita 60 kwa sasa, au tandaza wavu wenye matundu ya sentimita 5 chini ya udongo wa sentimita 3 hivi. Miche inapita, kucha hazipati mshiko. Zikague kucha zake kila wiki, kwa sababu mchimbaji huzivunja karibu na nyama na hasemi.

Akiwa anakula udongo wenyewe badala ya kuchimba tu, mfunue mdomo. Ufizi uliopauka ni dalili ya upungufu wa damu, mara nyingi kutokana na safura, na hiyo ni safari ya kwa daktari siku hiyo hiyo.

UaWaNyuma

Asanteni sana, nimeelewa tofauti ya mashimo. Maswali mawili. Yale ya kivulini niyafukie au nimwachie? Na nitajuaje kama la uzio ni hofu au ni uchovu wa kukaa bure?

PuaChini

La kivulini mwachie moja kama halifunui mizizi mikubwa ya mti. Mengine yafukie kwa tabaka, mwagilia kila tabaka na uishindilie, halafu weka jiwe bapa sentimita 5 chini ya uso. Udongo uliolegea ni mwaliko wa kuchimba tena. Muhimu zaidi ni kumpa mbadala: kitanda cha kuinuliwa sentimita 15 au 20 chenye kitambaa cha wavu, hewa ipite chini, na maji ya kutosha. Saa za jua kali awe ndani. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, hupoa kwa kuhema, kwa hiyo anapochimba mchana anajitibu.

La uzio, acha simu ikirekodi unapoondoka. Akianza kuchimba ndani ya dakika chache za kwanza, huku analia, anadondosha mate, anakwangua na mlango, hiyo ni hofu. Wavu aliousema Kigingi utamzuia kutoka lakini hautamtuliza, na anaweza kuvunja kucha au meno akipambana nao. Hapo inabidi umzoeshe kubaki peke yake kwa sekunde, kisha dakika, ukirudi kabla hajaanza kuhangaika. Akilala kwanza na kuanza baada ya saa nzima, au akichimba tu kila mtu anapopita nje, basi ni kukosa la kufanya. Ziba uwazi wa uzio kwa kitu kisichoonyesha, kuanzia chini mpaka mita 1, na umpe sehemu ya mlo wake kwenye mpira wa tundu au kwa kuutawanya juu ya sakafu safi autafute kwa pua.

Usikimbilie kumchosha kwa mbio ndefu, ana miezi minne na viungo bado laini. Anahitaji usingizi wa saa 18 mpaka 20 kwa siku. Ile fujo ya jioni ya kuchimba kama ana wazimu mara nyingi ni mtoto aliyekosa usingizi, na kumlaza mahali penye giza na utulivu kunamaliza kazi.

Kigingi

Swali la boksi ambalo hukuuliza ila litakukuta: paka. Wataligeuza choo usiku wa kwanza. Funika na mbao kila jioni, zikae juu ya matofali mawili ili hewa ipite na mchanga usivunde. Asubuhi pitisha reki mpaka chini kabla hujafukia kitu, na mvua kubwa ikinyesha subiri maji yazame ndipo umruhusu.